HAMED BIN MUHAMMED EL MURJEBI, MWENYE MASHAMBA SABA YA UNGUJA



Hivi karibuni nilikuwa Mwakiro, upande wa Muyinga, kwa shughuli za kikazi. Jioni moja, baada ya sala ya magharibi, nilikaa barazani pamoja na wazee wa hapo, na mazungumzo yakafikia habari za misafara ya kale. Mzee mmoja, ambaye babu yake alitoka Umanyema akiwa na mzigo kichwani, aliniuliza jambo ambalo sikuwa na jibu lake papo hapo. Alitaka kujua mali yote ile ya pembe iliyotoka bara miaka mingi ilikwenda wapi, kwa kuwa huku bara haikubaki hata jiwe la nyumba, na huko pwani nako amesikia kwamba wengi wa walioipata walikufa na madeni. Nimelitafakari swali lake, na naona njia nyepesi ya kulijibu ni kusimulia maisha ya mtu mmoja, Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye wengi wanamjua kwa jina la Tippu Tip. Jibu fupi ni kwamba sehemu kubwa ya mali ile ilipandwa ardhini, ikawa mikarafuu na minazi. Jibu refu ndilo hili.

Hamed alizaliwa Unguja yapata mwaka 1837. Mababu zake wa upande wa baba walitoka Omani wakafikia Mrima, nao wakaoa Mbwamaji, kusini kidogo ya mahali ulipo mji wa Dar es Salaam. Babu yake, Juma bin Rajab, alikuwa miongoni mwa watu wa pwani waliotangulia kufika mbali bara. Baba yake, Muhammed bin Juma, aliweka makao karibu na Tabora, akamwoa Karunde, binti wa Fundikira, mtemi wa Unyanyembe. Mama yake Hamed mwenyewe alikuwa wa ukoo wa el Wardi. Wazungu waliotegemea kumwona Mwarabu wa vitabuni walishangaa walipokutana na mtu mweusi kabisa, mwenye ndevu fupi, nguo safi na adabu nyingi. Wenyeji wa Unguja hawakushangaa, kwani watu wa namna yake walikuwa wengi, na ukoo ulihesabiwa kwa baba.

Ili tumfahamu kijana huyu, hatuna budi kwanza kukitazama kisiwa alichozaliwa. Mikarafuu si miti ya asili ya Afrika ya Mashariki. Mwarabu mmoja, Saleh bin Haramil el Abri, anatajwa kuwa ndiye aliyeleta miche yake kutoka visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi mwanzoni mwa karne ya 19, naye akaipanda Mtoni na Kizimbani. Ilistawi sana. Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja, alipoona faida yake, aliyachukua mashamba ya Saleh mwaka 1828 kwa sababu za kisiasa, kisha akafanya kilimo hicho kuwa amri ya dola. Imesimuliwa kwamba kila mwenye shamba alitakiwa kupanda mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja, na asiyetii alikuwa hatarini kunyang'anywa ardhi. Wazee wa Burundi watakumbuka mfano wa karibu zaidi, pale Wabelgiji walipowalazimisha wakulima wetu kupanda kahawa katika miaka ya 1930. Tofauti ni kwamba mkulima wa Burundi alipanda kahawa yake kwa mikono yake mwenyewe, na wenye mashamba wa Unguja hawakushika jembe.

Hapa ndipo penye kiini cha habari yetu. Mkarafuu hukaa miaka sita au saba kabla ya kuzaa. Matumba yake huchumwa kwa mkono, kishada kwa kishada, kabla hayajafunuka, na mti mmoja hurudiwa zaidi ya mara moja katika msimu. Kisha hutandazwa majamvini yakauke juani, na mvua ikinyesha yote huanuliwa mbio. Kazi hiyo yahitaji watu wengi, tena kwa wakati mmoja. Koo kubwa za kisiwa, Mabusaidi, Maharthi, Mabarwani na wengineo, zilijipatia watu hao kwa kuwanunua. Kila shamba lilikuwa na msimamizi wake, na chini yake nokoa na kadamu, ambao mara nyingi walikuwa watumwa wao wenyewe. Mtumwa alipewa kipande cha ardhi apande mhogo wake, akamfanyia bwana kazi siku tano, na Alhamisi na Ijumaa akajilimia. Huko Malindi mashamba yalikuwa ya mtama na ufuta, na Mombasa na Gazi Mamazrui walikuwa na yao, lakini mpango ulikuwa ni huo huo.

Karafuu zilipokuwa chache duniani, bei ilikuwa nzuri mno. Kila mtu alipopanda, bei ikaporomoka, na kufikia katikati ya karne wenye mashamba wengi walikuwa wanaishi kwa kukopa. Mkopeshaji alikuwa Mhindi wa forodhani, na rehani ilikuwa shamba. Basi mtoto wa ukoo mzuri aliyekuwa anakua Unguja wakati huo aliona mambo mawili: kwamba heshima ya mtu ni shamba, na kwamba shamba peke yake halilipi. Fedha ya kulishikilia shamba ilikuwa mahali pengine. Ilikuwa bara, katika meno ya tembo.

KIJANA WA PEMBE NDOGO

Hamed alianza biashara akiwa na umri wa miaka 12 hivi, akichuuza sandarusi Mrima pamoja na jamaa zake wa upande wa mama. Alipofika miaka 18 alifuatana na baba yake hadi Unyanyembe, na kutoka hapo akavuka ziwa Tanganyika kwenda Urua. Katika safari hiyo baba yake alitaka kumkabidhi mtu mwingine bidhaa za msafara. Kijana alikataa kwenda kama mtoto anayechungwa, akatishia kurudi, na mzee akamwachia bidhaa zote mikononi mwake. Walipofika kwa Mrongo Tambwe, kila tajiri alizing'ang'ania pembe kubwa, nazo zilikuwa ghali. Hamed alinunua pembe ndogo ambazo wenzake walizidharau. Zilikuwa rahisi, na huko pwani ziliuzwa kwa faida kuliko alivyotazamia mtu yeyote. Mimi naliona jambo hilo kuwa linamweleza mtu huyu kuliko vita vyake vyote: alikuwa mfanyabiashara kwanza, na bunduki ilikuja nyuma ya hesabu.

Aliporudi Unguja aliowa mwanamke wa ukoo wa Barwani, binti wa Salum bin Abdallah, aliyekuwa na mali Unguja na Maskati. Huyo ndiye mama wa mwanawe Sefu. Ndoa hiyo ilimtia katika safu ya wenye ardhi. Jina lake jema lilimfungulia pia mlango kwa Tharia Topan, Mhindi wa madhehebu ya Ismailia aliyekuwa mmoja wa matajiri wakubwa wa Unguja, ambaye alimkopesha bidhaa za safari ndefu: majora ya merikani, kaniki, shanga, na zaidi ya yote magobori na baruti.

Mwaka 1867 alifika Itawa, nchi ya Nsama, mfalme aliyeogopwa sana kusini ya Tanganyika. Nsama aliwakaribisha ndani ya boma lake kana kwamba anawaonyesha pembe, kisha watu wake wakawamiminia mishale. Hamed alijeruhiwa. Watu wake wachache wakafyatua bunduki zao katika umati uliobanana, na askari wa Nsama, ambao hawakuzoea mlio huo, wakavunja safu na kukimbia. Kwa macho ya mwanajeshi, Nsama alikosa kwa kuwakusanya watu wengi mno mahali pembamba. Hamed aliondoka hapo na shehena kubwa ya pembe na shaba, na jina la Tippu Tip. Wengine husema jina hilo linaiga mlio wa bunduki zake, na wengine kwamba linatokana na kupepesa kwa macho yake. Ni mwaka huo huo alipokutana na Dk. Livingstone, akamsaidia kwa chakula na njia.

Safari yake kuu ilianza yapata mwaka 1870, naye hakuiona tena bahari kwa muda wa miaka 12. Alivuka Lualaba mpaka Utetela, ambako alimkuta mfalme mzee aitwaye Kasongo Rushie. Hamed alidai kwamba bibi yake mzaa mama alikuwa wa ukoo wa mfalme huyo, aliyetekwa zamani. Mzee aliamini, au alipenda kuamini, akamwachia nchi na pembe zake zote. Hivyo mtu wa Unguja akawa mtawala katikati ya Kongo bila kupigana. Baadaye aliweka makao Kasongo, akakutana na Cameron mwaka 1874, na mwaka 1876 akamsindikiza Stanley kipande cha njia kuelekea kaskazini.

WALIOBEBA

Nimesema pembe, na sasa yanibidi kusema juu ya mabega. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani karibu kilo 32. Tulipokuwa chuo cha makadeti tulibeba pungufu ya hapo kwa siku moja au mbili, na usiku tulilalamika kama watoto. Wale walitembea kutoka Umanyema hadi Ujiji, kutoka Ujiji hadi Tabora, na kutoka Tabora hadi Bagamoyo, kipande ambacho peke yake kilikuwa cha miezi mitatu hivi. Wanyamwezi walibeba kwa ujira, na walikuwa na sifa yao katika kazi hiyo. Lakini wengi wa waliotoka ng'ambo ya Tanganyika walitekwa vijijini mwao, wakafungwa pamoja, na mwisho wa njia pembe iliuzwa na aliyeibeba naye aliuzwa. Vijiji vilivyokataa kutoa pembe vilichomwa. Hamed mwenyewe alipenda kujieleza kuwa mfanyabiashara na mpatanishi, na ni kweli kwamba alijua kufanya amani pale ilipomfaa, kama alivyofanya na Mirambo. Hata hivyo mali yake haiwezi kutenganishwa na nyumba zilizochomwa na watu wake.

Nchi yetu pia iliguswa. Mshirika wake katika biashara, Muhammed bin Khalfan el Barwani, maarufu kwa jina la Rumaliza, alishika Ujiji, na katika miaka ya 1880 alijaribu kuingia Burundi kwa nguvu kupitia Uzige, kwenye kona ya kaskazini ya ziwa. Mwami Mwezi Gisabo na watu wake walimzuia. Bunduki zilizotisha Itawa hazikutosha katika milima yetu, kwa kuwa hapa zilikuta nchi yenye watu wengi, chini ya mfalme mmoja, wanaojua kila bonde. Wafanyabiashara wa pwani walibaki kando ya ziwa, na mbegu ya Kiswahili ikaota huko kabla ya kupanda milimani hadi Gitega na Muyinga.

Mwishoni mwa mwaka 1882 Hamed alirudi Unguja na msafara mkubwa. Alikuta kisiwa kimebadilika. Tufani ya mwezi wa Aprili, 1872, ilikuwa imeing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, ingawa Pemba ilisalimika, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo bohari ya karafuu. Mwaka uliofuata, 1873, Seyyid Barghash alilazimishwa na Waingereza kutia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa na kukataza wasisafirishwe baharini. Mwenye shamba alikuwa amepoteza miti, na sasa hakuruhusiwa kupata watu wa kupanda mingine, ila kwa magendo. Katika hali hiyo aliyekuwa na fedha taslimu ya pembe alisimama juu ya wenzake. Kadiri meno yalivyoshuka Bagamoyo, ndivyo ardhi ya Hamed ilivyoongezeka, hata mashamba yake ya Unguja yakafikia saba.

Seyyid Barghash alimrudisha bara mwaka 1883 ili aishike Umanyema kwa jina la Unguja. Lakini wakati huo nchi zilikuwa zinagawanywa Berlin. Mwaka 1886 mabalozi wa Ulaya walimpimia Sultani ukanda wa maili kumi tu za pwani, na Barghash, akiwa amevunjika moyo, alimweleza Hamed kwamba hana tena uwezo wa kushika bara. Februari 1887 Stanley alifika Unguja akiwa na mkataba mkononi, na Hamed akakubali kuwa wali wa Stanley Falls chini ya Leopold wa Pili, mfalme wa Wabelgiji, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Walisafiri pamoja kwa meli ya Madura kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema hadi mdomo wa mto Kongo. Wapo waliomwita msaliti kwa ajili hiyo. Mimi naona alikuwa ameona mapema kuliko wenzake kwamba mchezo umekwisha, akatafuta masharti ambayo yangemwachia biashara yake kwa miaka michache zaidi. Stanley naye alimlaumu kwa kuchelewesha wapagazi aliowaahidi, akamfungulia mashitaka Unguja. Hamed aliondoka Kongo mwaka 1890 kwenda kujitetea, akafika nyumbani mwezi wa Julai, 1891, na kesi yenyewe ikaachwa.

Kuondoka kwake kulimwokoa. Mwaka 1892 vita vilizuka kati ya Dola Huru ya Kongo na watu wa pwani. Gongo Lutete, ambaye alikuwa jemadari mkubwa wa Hamed huko bara, aliwahamia Wabelgiji pamoja na askari wake, na mambo yakageuka. Nyangwe ilitwaliwa Machi 1893, na Kasongo mwezi uliofuata. Gongo Lutete hakupata shukrani, kwani mwaka huo huo Wabelgiji wenyewe walimwua kwa tuhuma za usaliti. Sefu bin Hamed alikufa vitani mwishoni mwa mwaka 1893. Rumaliza alishindwa Januari 1894, akakimbilia upande wa Wajerumani. Pembe zote zilizokuwa bado ghalani, mashamba ya mpunga ya Kasongo, nyumba na watu, vyote vilipotea kwa mara moja. Baadaye Rumaliza akamshitaki mshirika wake wa zamani juu ya mali waliyochanga. Hivyo ndivyo ushirika ule ulivyoishia, mbele ya hakimu wa Kijerumani.

Mzee Hamed alibaki na nyumba yake ya Shangani, katika Mji Mkongwe, na mashamba yake saba. Imeandikwa kwamba yapata mwaka 1895 alikuwa na watumwa 10,000. Mtu aliyewahi kushughulika na posho ya kikosi ataisoma hesabu hiyo kwa shaka kidogo, lakini hata ikigawanywa kwa tano bado ni jeshi. Naye hakukaa nao sana. Tarehe 6 Aprili, 1897, Sultani Hamoud alitoa amri ya kuifuta hali ya utumwa mbele ya sheria katika Unguja na Pemba. Mtumwa aliyetaka uhuru alikwenda mahakamani kuuomba, na bwana wake akalipwa fidia. Aliyekuwa mtumwa hakulipwa kitu. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo mpaka mwaka 1909. Wengi walioachwa huru waliendelea kukaa pale pale shambani, kwa kuwa mhogo wao ulikuwa pale na makaburi ya watoto wao yalikuwa pale, wakiwafanyia wenye ardhi kazi ili waruhusiwe kukaa. Wenye mashamba walizitumia fedha za fidia kulipa madeni ya zamani, kisha wakaweka rehani upya.

Katika miaka hiyo ya mwisho Mjerumani mmoja, Heinrich Brode, alimshawishi Hamed aandike maisha yake. Aliyaandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, na yakachapishwa Ulaya mwaka 1902 na 1903. Ni miongoni mwa tawasifu za kwanza kabisa katika lugha yetu. Aisomaye atakuta majina mengi ya njia, bei, frasila, wadeni na wafalme, yameelezwa kwa utulivu wa mtu anayefunga daftari lake. Wapagazi hawana majina humo.

Hamed bin Muhammed alifariki kwa homa ya malaria nyumbani kwake Unguja mwezi wa Juni, 1905. Mashamba makubwa ya kisiwa, ya koo zote, yaligawanyika kwa mirathi na kulemewa na rehani, mpaka serikali ya Waingereza ilipoingilia kati katika miaka ya 1930 kuzuia yasiwaangukie wakopeshaji yote. Yaliyosalia yalifika mwisho wake baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, pale ardhi ilipofanywa mali ya serikali na wakulima wakagawiwa vipande vya eka tatu tatu. Miongoni mwa waliogawiwa walikuwamo wajukuu wa watu waliofika kisiwani kutoka bara la Kongo, Nyasa na Unyamwezi.

Wengine hawakufika kisiwani kamwe. Misafara ilipovunjika walibaki njiani, Tabora, Ujiji, Uzige, wakajenga, wakaoa, wakafundisha watoto wao Kurani na Kiswahili, wakaitwa Wamanyema. Wajukuu wao wako Buyenzi mjini Bujumbura, na wako Muyinga. Nitakaporudi Mwakiro nitamwambia mzee wangu kwamba babu yake alikuwa na bahati ya kuutua mzigo wake mapema.